Jembe la Shangazi Skola

Kosa langu la kwanza katika muziki, mwanangu, lilikuwa kusafisha kitu kisichokuwa kichafu. Ninalisema mapema usije ukadhani nazungumza kutoka juu.

Nakumbuka msimu mmoja wa mavuno ya mpunga, miaka ya tisini, pale kwetu Lumemo. Gitaa nilijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza redio, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi na hofu: kila sauti iliyokwaruza niliona ni ujinga wangu unaanikwa. Daktari Kwabena, mtu wa kabila la Akan kutoka Ghana aliyekuwa akifanya kazi Ifakara, aliniazima kaseti. Wanamuziki wa kwao walikuwa wamezichukua ngoma za wazee wao wakaziingiza kwenye magitaa ya bendi. Nikasema, basi na mimi nitaifanyia hivyo sangula, ngoma yetu.

Lakini nyuma ya magitaa yale kulikuwa na kitu kinagonga: ka-ka, ka, ka-ka. Nikadhani mkanda umechakaa. Nikapunguza sauti kali za redio kaseti mpaka mlio ule ukafifia, ndipo nikajifunza gitaa, uzi kwa uzi.

Katika kikundi chetu cha ngoma alikuwepo Shangazi Skola, dada wa baba, aliyenilea. Yeye aligonga bapa la jembe kwa kipande cha nondo, wenzake wakicheza. Siku moja mazoezini nikamwambia mbele ya wote, "Shangazi, hilo jembe lipumzike. Linachafua gitaa."

"Linachafua?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akaliweka chini, akajifunga kanga upya. "Haya, baba. Piga na usafi wako."

"Mpeni na sabuni!" akadakia mwanamke mmoja. Wakacheka. Shangazi hakucheka, wala hakurudi tena mazoezini.

Husemwa mwacha asili ni mtumwa. Mimi sikuiacha, niliipiga pasi mpaka ikakosa umbo. Ikafika harusi ya mdogo wangu Agnesi. Magitaa yakaanza, ngoma zikaitikia, wanawake wakaingia uwanjani. Hatua kidogo, wakagongana. Wakaanza tena, wakagongana tena. Mzee mmoja akaniita kwa sauti, "Kijana, tukanyage wapi?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilisimama wima, nikaanza kukaza nyuzi za gitaa.

Daktari Kwabena, aliyekuwa mgeni wetu, akanisogelea. "Yule mama wa jembe yuko wapi?"

"Nilimpumzisha. Kelele zilizidi."

"Na kwenye kaseti yangu, hukusikia kengele?"

"Ile si mkanda uliochakaa?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauona uso wangu, akaacha. "Ile ni kengele ya chuma, rafiki yangu. Kwetu gitaa lilipofika liliikuta, likakaa chini yake. Wachezaji husikiliza hiyo."

Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anapakua wali na wenzake. Nikainama. "Shikamoo, Shangazi."

Hakuitikia. Mwanangu, wewe umezaliwa kwenye watu, unajua maana ya shikamoo kuachwa hewani. Aliyenilea alikuwa ananipita kama mpita njia. "Nipishe," akasema, "wageni wana njaa."

"Shangazi, nilikuaibisha mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu."

Wanawake wakageuka. Yeye akaendelea kupakua. "Kama unataka jembe, liko stoo, kalichukue. Kama unanitaka mimi, sema."

"Nakutaka wewe, Shangazi."

Akainua uso. "Marahaba."

Akampa mwenzake upawa, akafuta mikono, akalifuata jembe stoo. Jembe lilipolia, hakuna aliyeuliza akanyage wapi. Gitaa langu ndilo lililohangaika kutafuta pa kukaa, nalo likapata.

Basi, mwanangu, ukitaka kuchanganya cha kale na kipya, usianze kwa kuchagua cha kutupa. Uliza kwanza kila mtu anafanya nini pale, na nani anamsikiliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ile haya ya kuuliza, naijua, nimelala nayo miaka. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akupe mikono myepesi na masikio mapana, na waliokulea wakuitikie kila uwaamkiapo.

Mimi hofu bado ninayo. Ila tangu harusi ile sijamtoa mtu kundini kabla ya kupiga naye wimbo mzima.