Kamionete ya Papa na Mteremko wa Butembo

Sisi tuliokulia Butembo enzi za magari ya kusukumwa tunajuana. Tulifika shuleni soksi zimejaa tope, mikono inanuka mafuta, na mwalimu hakuuliza kitu. Vijana wa leo, gari likikohoa kidogo tu wanampigia fundi simu, kisha wanaketi ndani wakisikiliza muziki!

Papa alikuwa na kamionete, pikapu ya zamani. Asubuhi nyingine iliwaka mara moja. Nyingine ilitoa "tak" moja ikanyamaza. Papa alichaji batri, ikawaka. "Imepona!" Juma lililofuata, tak. Akafunga demarea nyingine, ile mota ya kuwashia injini, ikawaka. "Imepona!" Siku moja alimwambia Mama awashe taa huku akizungusha ufunguo. Tak, lakini taa hazikufifia, kwa hiyo batri haikuwa na kosa. Papa akaanza kufuata nyaya, moja moja. Kabla hajamaliza, Mama alijaribu tena na injini ikanguruma. Papa akafunga boneti, tukaenda kunywa chai.

Haraka ya nini? Nyumba yetu ilikuwa juu ya mteremko, na kila jioni aliegesha pua ikitazama bonde. Demarea ikigoma, tulisukuma hatua mbili, mteremko ukamaliza kazi. "Demarea ya nini?" alicheka. "Tuko na mulima!" Nilimpenda sana akicheka hivyo.

Likizo moja tulishuka Beni, mtaa wa Beu, kwa Koko, mama yake Papa. Beni kuna joto, na ua wa Koko ni tambarare. Alitupikia sombe, majani ya muhogo, akatubana mashavu, akatuita wembamba. Jumapili asubuhi pumzi zilimbana Koko. Papa alimbeba hadi garini. Tak. Tukasukuma, Mama, mimi na dada zangu wawili, lakini mvua ilikuwa imenyesha na magurudumu yakazidi kuzama. Majirani walikuwa kanisani. Koko akasema kwa shida, "Acha kusumbua batoto. Itawaka tu."

Pikipiki ilipopatikana, Koko alikuwa amekata roho.

Baada ya mazishi Papa aliingia chini ya gari. Waya unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeshika kutu: leo unagusa, kesho haugusi. Aliusugua kwa msasa, akaukaza. Kazi ilikuwa fupi hivyo: hata maji ya chai yasingekuwa yamechemka. Kisha hakutoka. Nilimsikia akilia kule chini. Kamionete haikugoma tena, na neno "imepona" sikulisikia tena kinywani mwake.

Gari langu la leo naliwasha kwa kubonyeza kitufe. Bado naliegesha pua ikitazama bonde, na wanangu wananicheka: "Mama, hii iko mupya!" Nami nacheka nao. Enzi zetu tulikuwa na gari bovu na mtu wa kumkimbiza hospitali. Siku hizi gari linawaka kila asubuhi, na kule Beu hakuna tena anayenisubiri.