Elinipendo, Aliyepanda Alichong'oa

Alizaliwa mwaka 1953 huko Kirua Vunjo, juu kabisa, ambako migomba inaishia na msitu wa mlima unaanza, mtoto wa tano katika nyumba ya Kilutheri iliyoishi kwa kahawa na ng'ombe wawili wa zizini. Akabatizwa Elinipendo. Alisoma mpaka darasa la saba, kisha akabaki nyumbani kumuuguza mama yake, akajifunza kukata majani ya ng'ombe na kukaa kimya pale wengine wanapobishana. Sisi Walutheri hatuna desturi ya kuwatangaza watu kuwa watakatifu, na yeye mwenyewe angecheka kusikia hivyo. Lakini waliokaa naye wanajua walichokiona, na si vizuri kiende kaburini pamoja nao.

Mwaka 1984 mwinjilisti wa mtaa wao aliugua miguu, akashindwa kupanda vilima. Mchungaji Ebenezeri alimkuta Elinipendo zizini anakamua, akamwambia kuanzia Jumapili ataongoza ibada za mtaa na kuwatembelea wagonjwa. Elinipendo akakataa. Akasema shule yake ni ndogo.

"Na Petro aliishia darasa la ngapi?" mchungaji akamuuliza.

Alicheka mpaka nusura amwage maziwa. Mchungaji hakucheka. "Sikupi cheo, mama. Nakutuma. Ukifika kwa mtu, mkumbuke aliyekutuma, utajua la kusema."

Neno hilo alilishika miaka thelathini. Alikuwa akiwafundisha vijana wa kipaimara kwamba mamlaka ya mitume si sauti kubwa wala kiti cha mbele, bali ni mamlaka ya mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hapeleki neno lake mwenyewe. Mtoto wa jirani yake Loveness aliposhikwa na degedege, Elinipendo aliweka mkono juu yake akaomba kwa ujasiri, kisha hapo hapo akamfunga mgongoni akateremka naye mbio mpaka hospitali, akisema, "Nimetumwa kuomba, sikutumwa kumzuia daktari." Mtoto alipona. Leo ni kijana mzima, anapandisha wageni mlimani kutokea Marangu, na ukimuuliza aliponywa na nani, anasema na Mungu, kwa mgongo wa Mae. Ndivyo wengi walivyomwita, Mae, yaani mama.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2015, na halikuja kwa adui. Mhubiri mmoja kutoka mjini, aliyejiita Mtume Daniel, aliweka vipaza sauti kwenye kiwanja cha mpira kwa wiki nzima. Aliomba kwa moto, watu wakalia, na Elinipendo akalia nao, kwa sababu mengi aliyosema yalikuwa kweli. Siku ya mwisho akaamuru kila aliyeokoka ang'oe isale, kwamba ni mti wa mizimu. Sasa isale ndio mmea ambao wazee wetu waliuweka kuonyesha mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, na tena mtu aliyekosa hupeleka jani lake kwa aliyemkosea, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Watu wakasitasita. Wakamtazama Elinipendo. Na hapo ndipo alipokosea. Alijifunga kanga kiunoni, akawa wa kwanza kung'oa, tena kwenye mpaka uliokuwa pembeni ya kiwanja, kati ya Filemon na Kornel, ndugu wa tumbo moja. Hakuwauliza wenye shamba, wala hakumuuliza aliyemtuma. Kijiji kizima kikafuata.

Masika mawili hayakupita. Kornel alipanda mikahawa michanga mahali ambapo Filemon aliapa ni pake. Filemon akaikata mistari miwili. Kornel akaanza kulala na panga, na mama yao, Margareta, akaacha kula. Wazee wa kanisa walimwendea Elinipendo wakitaka ndugu hao wazuiwe Meza ya Bwana. "Una mamlaka, Mae. Wafunge!" Akawajibu, "Nitafungaje kwa mkono uleule uliong'oa?" Akafunga kula siku tatu. Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, alipanda hadi kwa shangazi yake mzee, ambaye peke yake aligoma kung'oa, akakata majani mawili ya isale na kifurushi cha vipandikizi, akaenda pale palipokuwa na mpaka kati ya wale ndugu, akawaita wote wawili. Akapiga magoti kwenye udongo, mama wa miaka sitini na nne, mbele ya wanaume aliowafundisha kipaimara.

"Mae, inuka," Filemon alisema. "Unatutia aibu."

"Aibu ni yangu, mwanangu. Pokea."

Kornel akacheka kwa uchungu. "Si mlisema huu ni mti wa mashetani? Leo naona na mti umeokoka!"

"Mti haukukosa, Kornel. Nilikosa mimi. Niliwang'olea amani yenu kwa jina la Bwana, naye hakunituma. Leo amenituma. Pokea, au uniache hapa hapa."

Filemon alipokea kwanza. Kornel akamtazama mama yake aliyekuwa ameletwa na wajukuu mpaka ukingoni, ndipo akanyoosha mkono. Elinipendo akainuka, akatembea mstari wote akionyesha kila shina lilipokuwa, maana miaka yote alipita hapo na mzigo wa majani, na kila alipochomeka kipandikizi hakuna aliyembishia. Mpaka ukaangukia hatua sita ndani ya mikahawa ya Kornel.

"Na mikahawa yangu?" akauliza, na kila mtu akaliona panga lake.

Filemon akakohoa. "Mpaka upite. Mikahawa vuna wewe mpaka izeeke."

Panga likatumika kukatia vijiti vya kuegemeza miche. Ilikuwa Januari, jua kali, lakini vipandikizi vyote vilishika, na wanaojua kilimo watasema isale hushika popote. Sawa. Lakini wote tulioshuhudia tunasema muujiza haukuwa wa mti. Mwaka uliofuata Mtume Daniel alirudi, akamuuliza Elinipendo mbele za watu nani kampa mamlaka ya kupanda alichoamuru king'olewe. Akajibu kwa upole, "Aliyenituma kupatanisha. Na wewe baba, baada ya kung'oa, ulibaki kuona nani anapigana?"

Elinipendo alilala katika Bwana Julai 2021. Filemon na Kornel walichimba kaburi lake kihambani kwake, wakipokezana jembe moja. Basi sisi tuliotumwa, na kila aliyebatizwa ametumwa, tusianze kwa kuamuru. Kama kuna mtu uliyemng'olea kitu kwa jina la Bwana, njia ya kwenda kwake unaijua. Kata jani, uende, upige magoti wewe kwanza.