Taa Mbili Zilizongojana

Mwenye kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Mguu wangu wa kushoto ndio shahidi.

Nimetangatanga sana, Arusha, Mbeya, hadi Kigoma, lakini masika yakikaribia moyo hunivuta Lushoto. Jioni ile nilikuwa narudi nyumbani kwa pikipiki, gunia la vitunguu nyuma. Kwenye kona moja juu ya Soni, ukungu ukanifumba macho, nikateleza. Pikipiki iligeuka, mkia ukaelekea juu mlimani, ikanilalia mguu katikati ya barabara. Nikasukuma. Wapi!

Ndipo nikasikia lori likishuka kwa mbali. Malori ya kabichi yanavyoshuka pale, mnayajua.

Nyuma ya pikipiki nilikuwa nimefunga taa mbili nyekundu za kupokezana, nilizoziunda mwenyewe kwa transista mbili, zile swichi ndogo za kwenye redio, na kapasita mbili za kuzipokezanisha. Moja ikiwaka, nyingine inazima. Kwenye ukungu taa iliyotulia haimshtui mtu. Dereva hudhani ni dirisha la nyumba. Ya kumetameta ndiyo inayomwamsha. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza swichi. Zote mbili zikawaka kwa pamoja, zikatulia tuli. Hazikumetameta.

Hapo nikamwona kijana kando ya barabara, ndevu hata hazijaota vizuri. Ananitazama tu, haongei. Nami, niaminini, sikuongea! Nilikuwa nangoja shikamoo yangu. Mtu wa miaka arobaini na kitu, nimelaliwa na chuma, lori linakuja, nangoja kuamkiwa na mtoto. Si ndivyo tulivyolelewa?

Akacheka. "Tunangojana kama hizo taa zako."

"Haya, shikamoo basi, mzee!" nikamkejeli.

"Marahaba," akaitikia, na safari hii hakucheka.

Nywele zilinisimama. "Ninyanyulie pikipiki, nakufa!"

"Kunyanyua siwezi. Kidole kitatosha." Akachuchumaa nyuma ya taa. "Waya wa betri umelegea, umeme umeingia kwa kusitasita. Transista zote zimefunguka, kila moja inangoja nyingine ifunge. Zikiwa sawasawa hivi zitakesha. Moja lazima itangulie, hata kidogo tu."

Kidole kimoja akakiweka kwenye chuma cha pikipiki, kingine kwenye mguu wa kati wa transista, akaondoa. Taa ya kushoto ilizima. Kisha ikawaka, ya kulia ikazima. Kushoto, kulia, kushoto. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Breki zikalia. Lori lilisimama karibu mno, joto la injini likanipiga usoni. Dereva, mzee mwenye mvi, akaruka chini na kuninyanyulia pikipiki.

"Pole, mwanangu! Nimeona taa zinapokezana, nikasema hapa kuna..."

Alikuwa anamtazama yule kijana. Akavua kofia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe bado unashuka mbio tu?" Kijana akaingia kwenye ukungu, na kokoto hazikulia chini ya miguu yake.

Mzee alikaa chini akalia. Kijana yule, akaniambia, ni kaka yake, alikuwa fundi redio wa pale Soni. Walimzika wakati huyu dereva bado yuko shule ya msingi.

Mfupa wangu uliunga, ingawa baridi ikizidi unanikumbusha. Kutangatanga sijaacha, lakini kila nikirudi hupitia kwa yule dereva, twende wote kaburini tukasome dua. Maisha haya ninayoishi nilipewa na mtu aliyenigusia waya tu, nami sina cha kumlipa zaidi ya hiyo dua.

Nanyi mnaoshuka Soni kwenye ukungu, mkimwona kijana kando ya barabara, msimpime umri kwa uso wake. Mwamkieni, kisha kanyageni breki. Huenda mbele yenu kuna mtu amelala barabarani.