Gari Lililopita Mikononi mwa Wengi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa nimechuchumaa nyuma ya pikapu ya kijani katika ua wa mfanyabiashara mmoja wa Nachingwea, nikichungulia springi zake. Mwenye gari, Bwana Rashidi, alisimama kando akitafuna muhogo mbichi. Alijua kwamba natoka Singida, kwa hiyo hakuacha kunitania.

"Ninyi watu wa ng'ombe mna taabu. Hili halina meno, Bwana Shamba. Umri wake utaujuaje?"

Nilicheka kidogo tu. Akiba yangu yote ilikuwa ikielekea kwenye gari lile. Wewe kijana ninayekuita mwanangu, unayetaka kununua gari lililokuwa likikodishwa, jua kwanza kwa nini mimi nililitaka.

Nilikuwa bwana shamba katika kijiji cha Mandawa, upande wa Ruangwa. Msimu wa mvua uliotangulia, mwanetu Josefu alishikwa na homa kali. Barabara ilikuwa imekatika, na gari la ofisi lilikuwa limekwama ng'ambo ya mto. Nikasubiri. Nilisimama mlangoni nikitega sikio nisikie mlio wa injini, nikaingia ndani, nikatoka tena. Gari lilipofika hatimaye tulimkimbiza mtoto hospitali, Nachingwea. Alipona, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Mvua zilipokoma mke wangu alifunga mizigo akarudi kwao na mtoto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Josefu, siwezi kukaa tena mahali ambapo mtoto akiugua tunatazama barabara." Mimi nikaelewa hivi: nikiwa na gari langu mwenyewe, atarudi.

Kwa hiyo nililitaka sana lile gari, na mtu anayetaka sana kitu haoni vizuri. Hilo nililijua, ndiyo maana nikaamua kuuliza. Bwana Rashidi alikuwa akikodisha gari bila dereva. Kila aliyelichukua alitafuta wa kuliendesha. Sikuona haya kumwomba majina ya waliowahi kulikodi, naye akanitajia watatu. Nikapanda baiskeli.

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa ufuta kule Mtua. Alinikaribisha vizuri, akanihakikishia kwamba yeye alilibeba lile gari kama yai. "Kama lina ubovu, muulize yule wa Chiola. Huyo akishika usukani hata mbuzi hukimbilia porini."

Nikaenda Chiola. Yule wa Chiola alipiga makofi kwa kicheko. "Amesema hivyo? Yeye alipakia magunia mpaka springi zikawa zinaomba maji! Tena mafuta yalipoadimika alikuwa akizima injini kila mteremko, breki zikabeba kazi yote. Mimi? Mimi nilikuwa nalifuta hata vumbi."

Nyani haoni kundule, mwanangu. Kila mmoja aliyajua makosa ya mwenzake kwa ufasaha kabisa, na kwa maneno yao gari lile lilikuwa limeharibika bila mharibifu. Nilirudi Mandawa na vumbi tele na jibu hakuna.

Aliyebaki alikuwa Mzee Chilumba. Huyu nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka kwangu. Nilikuwa nimekaa pale mwaka wa tatu na sikuwa nimewahi kuketi uani kwake. Nyumba yangu ilikuwa ya serikali, nilingoja uhamisho, na jioni nilikuwa na vitabu vyangu. Niliwasalimia watu njiani kwa heshima nikadhani inatosha.

Alinipa kigoda. Nikamuuliza kuhusu gari.

"Nililikodi siku ya kumleta marehemu mdogo wangu kutoka hospitali," alisema. "Aliendesha mpwa wangu, Hamisi. Unamjua Hamisi?"

Nilimjua kwa sifa. Ilisemekana hakuna giaboksi iliyowahi kumpenda.

"Basi siku ile wanawake walikaa nyuma na maiti. Gari likaruka shimo la kwanza, dada yetu akagonga paa la mbele kwa kiganja. Akasema, 'Hamisi, taratibu, unamuumiza.' Aliyelala pale hasikii kitu, lakini Hamisi akapunguza. Toka hapo mpaka hapa hatukuruka shimo hata moja. Alizunguka mawe. Mtoni alishuka kwanza, akapima maji kwa fimbo."

"Kumbe anajua kuendesha," nikasema.

"Anajua sana. Wote wanajua. Siku nyingine hakuna wa kumwonea huruma humo ndani, ndiyo tofauti."

Nilikumbuka kuliona gari lile likiingia na ule msiba. Nilitoa pole nikiwa nimesimama kwenye ua wangu, kisha nikarudi ndani.

"Na wewe gari la nini, Bwana Shamba?" akauliza.

Nikamweleza habari ya homa, mto na mke wangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti ndogo, bila ukali wowote, "Siku hiyo ulimwita nani?"

"Nilisubiri gari, Mzee."

"Sikukuuliza ulisubiri nini. Ulimwita nani?"

Akanionyesha chini ya dari miti miwili iliyofungwa kamba. "Ile ni machela. Mvua ikikata njia, mgonjwa tunambeba sisi. Wanne wanabeba, wanne wanapumzika, wanapokezana mpaka Nachingwea, na mtoni tunavuka kwa kushikana. Ungepiga yowe moja tu. Sisi tulidhani Bwana Shamba ana utaratibu wa serikali. Tuliogopa kuingilia. Kijana, Bwana Rashidi amekodisha gari. Wewe umekikodi kijiji kizima."

Maneno yale yalinichoma kwa sababu hayakuwa na chuki. Mgeni hasusiwi, ila anayejifungia atabishiwa hodi mara ngapi?

Gari sikulinunua. Nilimwandikia mke wangu nikamweleza habari ya machela na majirani, nikamwomba arudi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Watu hao walikuwepo siku ile pia." Hakurudi. Mvua zilizofuata yowe lilisikika mtaa wa chini, nami nikatoka nikatia bega langu kwenye mti wa machela pamoja na Hamisi na wengine. Mgonjwa alifika. Wenzangu walirudi kwa wake zao, nami nikarudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja juu ya meza. Josefu ni mtu mzima sasa. Akinitembelea hukaa kushoto kwangu, ili sikio lake zima linielekee, na tunazungumza habari za kazi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, niiseme wazi. Gari lililokodishwa si haramu kulinunua, lakini usiinunue rangi yake. Lala chini uangalie springi na chesisi, kwa sababu aliyelipaka rangi hakulala chini. Liwashe likiwa baridi, lipeleke kwenye mlima, usikilize giaboksi na ujaribu breki wakati wa kushuka. Uliza lilipita barabara gani na lilibeba nini. Akikuambia mtu kwamba yeye alilitunza na wengine ndio walioliharibu, hesabu kwamba liliharibiwa na wote. Ikiwa lilishikwa na dereva mmoja aliyelipwa kulitunza, hilo lifikirie. Ikiwa lilipokewa na kila mwenye haraka, liache, hata kama bei inakuchekea. Na siku utakapokodi wewe, endesha kana kwamba nyuma yumo mtu anayeumia.

Lakini kabla ya yote hayo, jiulize gari unalitaka likufanyie nini. Likiwa la kazi ya gari, nunua. Likiwa la kukuokoa usihitaji watu, hakuna fundi atakayelimudu. Popote utakapopangiwa kazi, hata kama ni kwa mwaka mmoja, nenda ukaketi kwenye ua wa jirani kabla hujapatwa na shida. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mimi niliujua msemo huu tangu utoto na haukunisaidia, kwa kuwa niliujua tu.

Mungu akujalie gari zima na barabara kavu. Na siku litakapokugomea kwenye tope, akujalie watu watakaotoka majumbani mwao kulisukuma, wakikuita kwa jina lako.