Elbert Tunnicliff na Mama Mkwe Wake Mbioni

Elbert Tunnicliff alisambaza mikate hapa kwetu Plum Hollow, Indiana, mpaka alipouza farasi wake, akanunua gari lililoungua na kuliunda upya liwe la mashindano, uani kwa mama mkwe wake. Zerelda Pogue alikuwa mjane mwenye mdomo. "Nilimwoza binti yangu kwa muuza mikate," aliwaambia watu kanisani, "nimeamka nina mkwe kichaa."

Siku hizo gari la mashindano lilibeba watu wawili: dereva, na fundi wa kupiga pampu ya oili na kutazama nani anakuja nyuma. Kwenye maonyesho ya wilaya ya 1911, fundi wake, Augie Brandt, aliingia kwanza shindano la kula pai, akashinda. Magari yakipangwa kuanza mbio, yeye kalala chini ya benchi, kashika tumbo.

"Sasa nani atanipigia pampu?" Elbert alilalamika.

Bi Zerelda akakaza utepe wa kofia yake. "Sogea huko. Mimi na marehemu tuliendesha mashine ya kupura ngano miaka na miaka. Unadhani nilikuwa namchemshia kahawa tu?"

"Mama, watu watasema nini?"

"Washasema. Washa gari."

Sisi tuliosimama kwenye uzio hatukuona vizuri kwa vumbi, ila sauti yake tuliisikia.

"Kanyaga, baba! Unapeleka mikate?"

"Kuna kona, mama!"

"Nimeiona! Kanyaga!"

Walipolipita gari jekundu la mtoto wa mwenye benki, Bi Zerelda akampungia mkono. "Pisha wakubwa, kijana!"

Mzunguko wa mwisho tairi likapasuka. Wakamaliza wakiburuza chuma, wa pili. Elbert alishuka akingoja kutukanwa.

"Jumamosi ijayo tunakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

Wakashindana pamoja misimu saba, mpaka Ohio. Katika mji mmoja waandalizi walikataza mwanamke asipande. Elbert akazima injini. "Basi na mimi nashuka." Wakanywea, kwa maana umati ulikuwa umelipa kiingilio kumwona bibi.

Magoti yalipomchosha Bi Zerelda, Elbert alijaribu tena na Augie, mara moja tu. "Gari limekuwa kimya mno," alimwambia mkewe, Lottie, akacheka mwenyewe. Akafungua gereji barabara kuu. Bi Zerelda alikaa mlangoni na ufumaji wake, na hakuna mteja aliyepita bila kuulizwa mwendo wa gari lake, wala aliyethubutu kumdanganya.