Ng'ombe wa Doreen na Gari la Dizeli

Ambindwile wa Ikuti hakuwa mtu wa tamaa. Hilo lisemwe kwanza, maana wapo wanaosimulia habari zake vilabuni kana kwamba aliwala ng'ombe wa mwanawe kwa uroho. Alikuwa mzee wa kanisa, hakunywa, hakugombea na mtu mpaka wa shamba, na chai yake ilipaliliwa hadi kwenye kingo za njia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo yalianza kupanda kutoka Dar es Salaam, kila mwenye chochote akajiita mfanyabiashara, na wakati huohuo lori lililozoea kukusanya majani ya chai likaacha kufika Ikuti masika. Jani la chai likishachumwa halimngoji mtu. Likilala kwenye gunia linapata joto, linageuka jekundu, na kiwandani wanalikataa. Majirani walimwaga mavuno yao mtaroni. Ambindwile alitazama hayo msimu mmoja, akatazama wa pili, kisha akatazama zizi lake.

Zizini walikuwamo ng'ombe wa mahari ya Doreen, binti yake pekee, aliyeolewa Isongole na Godwin, mkulima wa viazi. Ng'ombe wa namna hiyo si wa kuchezea. Mke akivunja nyumba, wanarudi walikotoka, na baba asiye nao hana mlango wa kumfungulia mwanawe. Ambindwile alilijua hilo, kwani yeye mwenyewe alikuwa akiitwa kuamua mashauri kama hayo. Lakini Doreen alisemekana ametulia kwa mumewe, na gari la kubebea chai, la kwake na la majirani, lingewarudisha ng'ombe zizini kabla hajatokea mtu wa kuwauliza.

Mjini Tukuyu alikuwapo Faraji, muuza magari, ambaye babu yake alitoka pwani na mzigo wa vitambaa akawa mtu wa milimani. Uani kwake yalisimama magari mawili ya foo-wili, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa sura yalikuwa pacha. Moja lilikuwa la petroli, jingine la dizeli.

"Hili la petroli, mzee wangu, unaligusa tu linaitika," alisema Faraji. "Baridi yenu haliijui."

"Na mlima?"

"Linapanda. Ila linakunywa. Linakunywa kama limefiwa."

"Na lile?"

"Lile ni punda. Lipakie Ikuti nzima, litavuta, na halili sana. Tabu yake asubuhi. Zito kuamka, kama kijana aliyetoka ngomani."

Ambindwile alicheka, lakini hakuamua. Aliyazunguka magari yale, akainama chini yake, akarudi nyumbani, akashuka tena mjini. La petroli lina plagi, na plagi zikiloa katika mvua za Rungwe gari linazimika katikati ya mto. La dizeli halina hofu hiyo. Lakini je, baridi? Lakini je, mafuta? Usiku aligeuka kitandani hadi mkewe akachoka.

"Baba Doreen, unachagua gari au mchumba?"

"Mchumba hurudishwa kwao," alijibu. "Gari halirudishwi."

Akawauza ng'ombe, akachukua la dizeli. Haukuwa uamuzi wa kijinga, na anayesema hivyo hajawahi kupanda milima ya Ikuti na mzigo wa chai mbichi njia ikiwa utelezi mtupu. Masika ya kwanza gari lilivuta kama Faraji alivyosema. Watu walimpungia mkono, na Ambindwile aliyekuwa akitembea ameinama akaanza kutembea amenyooka.

Kisha, masika yakielekea ukingoni, Doreen akaja nyumbani kwa miguu, mkono wake wa kushoto umefungwa kwa khanga. Hakulia. Alikaa jikoni kwa mama yake, akamwambia baba yake sentensi moja tu.

"Tata, sirudi."

Ambindwile alitazama ule mkono. "Hutarudi," akasema. "Nipe msimu huu tu. Gari litawaleta ng'ombe, Godwin atapewa wake, nawe utakaa kwenu."

Mjumbe wa Godwin alifika, mzee mwenye adabu, akanywa chai, akaulizia afya za watu wote. Alipokuwa anaaga ndipo aliposema, "Mwenzetu anaomba mojawapo, mzee. Mke au ng'ombe. Viazi vikivunwa atakuja mwenyewe kusikia."

Tangu siku hiyo Ambindwile hakuendesha gari, alilisukuma kwa roho. Lakini kipupwe kiliingia, na katika kipupwe kule juu umande hukaribia kuwa barafu. Dizeli ikagoma kuamka. Aliliegesha mteremkoni, likashuka hadi chini bila kuwaka. Aliwasha moto wa majani makavu ya mgomba chini ya injini, kama afanyavyo kila mtu. Vijana wakaitwa kusukuma, na Lazaro, jirani aliyekosa nafasi ya magunia yake, akasimama kando ya njia na kupaza sauti.

"Mzee wa kanisa! Ng'ombe wangekuwa hapa wangelivuta!"

Watu walicheka. Doreen alikuwa miongoni mwa waliosukuma, kwa mkono wake mmoja mzima, naye alisikia.

Madereva wa milimani wana desturi yao. Asubuhi za baridi kali humimina kikombe cha mafuta ya taa ndani ya dizeli ili ipate wepesi. Kikombe tu. Ambindwile, kicheko kile kikiwa bado masikioni, alimimina dumu. Na gari likaamka! Likaamka mara moja, mbele ya mlango wa Lazaro, likanguruma. Asubuhi iliyofuata akamimina tena. Kwa muda gari la Ambindwile ndilo lililowaamsha wengine, na hakuna aliyecheka.

Likaja kufia mlimani, limejaa chai ya nusu ya kijiji. Halikupiga kelele. Lilipungua nguvu tu, kama mtu anayesahau alichokuwa anakisema, likanyamaza. Faraji alipanda na fundi wake, wakafungua, wakatazamana.

"Pampu, mzee wangu. Imekauka, imejila yenyewe. Dizeli ndiyo mafuta yake ya kulainishia, na mafuta ya taa hayana ulaini." Akajifuta mikono taratibu. "Pampu nyingine ni Dar es Salaam, na bei yake ni ya ng'ombe."

"Sina ng'ombe," alisema Ambindwile.

Chai ikaharibika pale pale kwenye magunia. Watu walishuka kuchukua magunia matupu, hawakumsalimu.

Viazi vya Isongole vilipovunwa, Doreen hakungoja kuambiwa. Alifunga nguo zake, akamkuta baba yake ameketi kando ya gari.

"Nitakusindikiza," alisema Ambindwile.

"Twende, Tata."

Walitembea hadi Tukuyu. Njia nzima Ambindwile alikuwa na wazo moja alilolishika kama fimbo: laiti ningechukua la petroli. La petroli lingewaka kila asubuhi. La petroli lisingehitaji dumu. Huzuni yake ilikuwa na mahali pa kuegemea.

Walipopita Ibighi, nyuma ya nyumba moja, waliliona. Rangi ileile, taa zilezile. Limekalishwa juu ya mawe, halina magurudumu hata moja, na boneti iko wazi. Mwenyewe, Simon muuza mbao, alikuwa akianika nguo.

"Shikamoo, mzee. Unaliangalia hilo? Lilinimaliza kwa kunywa. Nimeliuza vipande vipande."

Ambindwile aliitikia salamu. Akashika njia.

"Ndilo lile lingine?" aliuliza Doreen walipokwisha kupita.

"Ndilo."

"Basi," alisema Doreen, akauhamishia mzigo wake bega la pili.

Lori la viazi liliwafikisha Isongole. Godwin aliwapokea vizuri, mbele ya watu. Akaleta kigoda, akainama kumwamkia mkwewe.

"Ugonile, Tata. Mbona kwa lori? Gari liko wapi?"

"Lipo nyumbani," alisema Ambindwile.

Alitaka kusema juu ya ule mkono. Aliyaona maneno yote, yamejipanga, maneno ambayo angeyasema kwenye shauri la mtu mwingine bila kutetemeka. Lakini baba anayesema hayo lazima awe na zizi nyuma yake. Akatazama chini.

Doreen hakusimama kuagana. Alikuwa ameshaingia jikoni kuwasha moto, kwa kuwa jioni ya Isongole ni ya baridi, na mwenye nyumba alikwisha kusema mgeni atiliwe chai.