Kamera Iliyotiwa Gundi

Wateja wetu hawajui jina la shangazi yangu. Wanamwita Mama Masikio, ingawa hajawahi kuzaa mtoto, sembuse masikio. Jina lilitokana na kazi. Kila anayeketi kwenye kigoda mbele ya lile pazia jeupe huambiwa maneno yale yale: kidevu juu, usicheke, masikio yaonekane. Watu wa hati za kusafiria ni wakali sana kuhusu masikio. Shangazi alianza kuyasema maneno hayo nikiwa bado navaa sare ya shule, na leo mimi mwenyewe naitwa dada na watu wazima wenye ndevu.

Studio ni ya baba yangu, ambaye ni kaka yake. Ni chumba kimoja kirefu kisicho na dirisha, kimebanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na saluni. Mbele kuna kaunta anapokaa baba. Katikati kuna kigoda, pazia na taa mbili zenye miavuli, moja kulia na nyingine kushoto, zinazowaka tangu tunafungua mpaka tunafunga. Nyuma kabisa, mlango kwa mlango na choo, kuna kompyuta yangu. Kazi yangu ni kukata vichwa na kuvipanga sita sita kwenye karatasi. Shangazi anapiga, mimi nakata, baba anapokea. Wateja husema familia yetu imegawana kazi vizuri, nami hutamani kuwarushia mkasi.

Kamera husimama juu ya miguu mitatu, na miguu hiyo imebandikwa sakafuni kwa utepe mweusi ili isisogee hata kidogo. Vile vigurudumu vya juu, vya kupangia namna ya kupiga, navyo vilikuwa vimefungwa kwa utepe huohuo. Fundi aliyemuuzia baba kamera ndiye aliyeipanga siku ya kwanza, akaondoka zake. Tangu hapo amri ikawa moja tu, kwamba hakuna kugusa kitu isipokuwa kitufe cha kupigia.

Shangazi alirudi kwetu ndoa yake ilipovunjika. Baba alimpa chumba cha uani na kazi ya kubonyeza hicho kitufe, na hajampa nafasi ya kusahau. Hamtukani wala hampigii kelele. Husema tu, wageni wakiwapo, "Huyu dada yangu bila mimi angekuwa wapi?" Wageni hutikisa kichwa kwa huruma, na shangazi huanza kukusanya vikombe hata kama watu hawajamaliza chai. Ni baba yangu na nampenda, lakini wema wake wa namna hiyo siuwezi.

Tangazo la darasa lilibandikwa kwenye mlango wa duka la vifaa vya umeme. Mpiga picha mmoja wa harusi alikuwa anafundisha wanaoanza, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi nyuma ya shule. Angewafundisha kupanga kamera kwa mkono, bila kuiachia ijiamulie yenyewe. Kila mtu aje na kamera yake. Shangazi alilisoma lile tangazo akiwa anapita, akarudi akalisoma tena, kisha akajifanya anaangalia bei ya pasi.

Ufunguo wa studio hukaa naye kwa sababu ndiye anayefungua asubuhi. Jumamosi tunafunga mapema na baba huenda kulala. Kwa hiyo akabandua utepe taratibu kama anayebandua plasta kwenye kidonda cha mtoto, akafungua skrubu, akaiweka kamera ndani ya kikapu na kuifunika kwa taulo. Baba aliambiwa kwamba shangazi anakwenda kusuka. Hakujiuliza ni nywele gani hizo zinazosukwa kila Jumamosi na kurudi vilevile.

Mwalimu, kama walivyomwita wote, aliwaambia kwamba kamera ina kiu ya mwanga, lakini ukiinywesha kupita kiasi inatapika. Kuna mambo matatu ya kupimia. Kuna tundu la lenzi, unalolipanua au kulibana. Kuna shata, inayofunguka na kufunga, haraka au polepole. Na kuna ISO, namba inayoiambia kamera iuchukulie mwanga mdogo kuwa mkubwa. Ukiongeza hapa, punguza pale. Jumapili shangazi alinifundisha yote hayo jikoni, akivuta pazia la dirisha na kuliachia, akilifungua kidogo, akilifungua lote, huku uji ukifurika jikoni na mama akiuliza kama tumerogwa. Sikuwa nimewahi kumwona vile. Alikuwa anaongea haraka, mikono yote hewani, na nilifurahi mpaka nikaogopa.

Zoezi la kwanza lilikuwa kumpiga picha dobi, mwanamke anayepiga pasi kwenye baraza jirani na ukumbi. Wanafunzi wengine walimzunguka kila mmoja kwa upande wake. Zamu ya shangazi ilipofika alimwomba dobi aweke pasi chini. Akatafuta kigoda. Akamketisha mgongo ukutani, akarudi nyuma, akasema kidevu juu, usicheke, masikio yaonekane, na yule dobi akafunua kitambaa chake kichwani kwa utii kabisa. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka.

"Mama, huyu anasafiri kwenda wapi?" aliuliza.

Hapo shangazi naye akacheka. Mwalimu akamwambia amwache mwenzake apige pasi, asimsogeze. "Wewe ndiye usogee," alisema.

Shangazi aliponisimulia alikuwa anacheka. Akaniambia kwamba tangu azaliwe ameambiwa kaa, ngoja, usiguse, shukuru. Hilo la kusogea alikuwa hajaambiwa na mtu. Kisha akaniambia na jambo lenyewe lililokuwa linamkosesha usingizi. Mwalimu alikuwa anatafuta msaidizi wa harusi, kazi ya kudumu, na angemchukua mmoja kutoka darasani, yule ambaye Jumamosi ya mwisho ataweza kubadilisha mipangilio kwa mkono bila kubabaika, kivulini na juani.

"Nikiipata hiyo, mwanangu, nahama," alisema. "Natafuta chumba changu. Naanza kuuliza dirisha, ndipo niulize kodi."

Akawa moto. Muuza mikate, mwanafunzi mwenzake mwenye kamera ya mkopo kutoka kwa shemeji, ndiye pekee aliyekuwa anamkaribia. Kila aliporudi, shangazi aliifunga kamera mahali pake na kurudisha kila kitu alivyokikuta, kisha akabandika utepe mpya juu yake. Isipokuwa mara moja. Ukumbini kulikuwa na giza, akaipandisha ISO mpaka juu, na wakati wa kurudisha akasahau, maana namba hiyo haionekani kwenye kigurudumu, imo ndani. Akabandika utepe wake vizuri kabisa juu ya kosa.

Jumatatu benchi lilikuwa limejaa. Mteja wa kwanza akaketi, shangazi akapiga, na picha iliyoingia kwenye kompyuta yangu haikuwa na mtu. Kulikuwa na nyusi mbili na matundu ya pua kwenye weupe. Nikaita. Baba akaja, akaangalia, akaenda kufuta lenzi kwa shati. Akapiga mwenyewe. Nyusi na pua. Akazima taa na kuziwasha. Akapiga kamera kofi dogo ubavuni, kama redio ya zamani. Akampigia fundi simu, haikupokelewa. Watu benchini wakaanza kutazama saa, jasho likamtoka baba shingoni, na ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nimeketi nacho chumba kimoja miaka yote bila kukiona. Baba hakujua kuitumia ile kamera. Hajawahi kujua. Ule utepe aliubandika kwa woga, kwa sababu kikihama kitu angeshindwa kukirudisha.

Shangazi angeweza kunyamaza. Fundi angepokea simu hatimaye, mchana ungepita, na baba angebaki baba. Lakini kulikuwa na mama mmoja ana mtoto mgongoni, analia kwamba anachelewa foleni ya hati. Shangazi akanyoosha mkono kupitia begani kwa kaka yake, akabonyeza nyuma ya kamera, akazungusha kidole gumba mara chache, akasema, "Jaribu sasa, kaka."

Picha ikatoka safi. Benchi likapiga makofi, mjinga mmoja akasema kumbe Mama Masikio ndiye fundi mwenyewe. Baba alitabasamu na watu mpaka wa mwisho alipotoka. Hakumuuliza shangazi chochote. Jioni alituambia tutangulie nyumbani, yeye atafunga.

Asubuhi yake tulikuta utepe umeondolewa. Mahali pake kulikuwa na gundi, ile kali ya kubandikia soli za viatu, imeganda kwa matone ya manjano kwenye kila kinachozunguka na kila kinachobonyea mwilini mwa kamera, isipokuwa kitufe cha kupigia. Shangazi alijaribu kwa kucha. Akaacha. Baba alikuwa kaunta anasoma gazeti. "Nimerekebisha," alisema bila kuinua macho, "isituaibishe tena."

Nilitaka kupiga kelele. Shangazi alinishika mkono akanipeleka kwenye kompyuta yangu, kisha akamwita mteja wa kwanza.

Jumamosi ya mwisho alikwenda hivyo hivyo na kamera yake iliyoganda, nami nikaenda naye kwa sababu nilishindwa kukaa nyumbani. Mtihani ulikuwa rahisi kuueleza. Mpige dobi ndani ya baraza, kisha mpige akianika nguo uani juani. Barazani mwanga wa kivulini ulifanana na wa studio yetu, na picha ya shangazi ilitoka nzuri kuliko zote, dobi ameinama, mvuke unapanda, sikio moja tu linaonekana. Mwalimu aliitazama sana. Kisha akasema, haya, twende juani.

Juani kamera ilitoa picha nyeupe kama karatasi. Shangazi akapiga tena, kama anayetumaini gundi itamhurumia. Mwalimu akaichukua, akajaribu kuzungusha, akaisogeza karibu na macho. Akauliza ni nani amefanya kitu kama hiki.

"Imeharibika," shangazi alisema.

Mwalimu alikuwa mtu mzuri, lazima niseme hivyo. Alimpa kamera yake mwenyewe. Lakini ilikuwa ya aina nyingine kabisa, kila kitu upande usio wake, na watu wamesimama wanatazama, na vidole vya shangazi vilitafuta na kutafuta mpaka dobi akamaliza kuanika na kuingia ndani na beseni lake. Kazi akapewa muuza mikate. Hakuiba, aliifanya vizuri. Shangazi alimpongeza, na njia nzima kurudi nyumbani alinieleza jinsi kifuniko cha lenzi kinavyosafishwa, jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

Ningependa kusema aliondoka hata hivyo. Hakuondoka. Chumba kinataka kodi, na kodi inatoka kwenye droo ya baba.

Wiki kadhaa baadaye leseni ya baba ya udereva ilikwisha muda, akahitaji picha. Alisubiri wateja wapungue, akavaa koti, akaketi kwenye kigoda. Sikumbuki kumwona ameketi pale kabla ya siku hiyo. Alionekana mdogo.

"Kidevu juu, kaka," shangazi alisema. "Usicheke."

Baba hakuwa na nia ya kucheka. Shangazi alisimama nyuma ya kamera kwa muda mrefu. Kisha akatoka pale, akaenda kwenye taa ya kushoto, akaizima. Akausogeza mwavuli wa taa ya kulia kidogo. Akakizungusha kigoda, na baba juu yake, kiasi cha mtu kugeuka kuitikia jina lake. Baba akauliza unafanya nini. Shangazi akarudi nyuma ya kamera. Kamera ikalia.

Picha ilinifikia kabla hawajamaliza kubishana. Nusu ya uso wa baba ilikuwa kwenye mwanga na nusu ilikuwa imeingia gizani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshikwa. Alikuwa mzee mwenye woga, na alikuwa mzuri. Nimekata vichwa maelfu kutoka chumba kile na hicho ndicho cha kwanza kilichonifanya niondoe mkono kwenye kipanya.

Kwa leseni haikufaa, bila shaka. Shangazi akawasha taa, akapiga ya kawaida, masikio mawili, akaenda kunawa uso chooni. Baba akaja nyuma yangu kuchukua picha zake, akaikuta ile nyingine kwenye kioo cha kompyuta. Aliinama. Nilisikia pumzi yake.

"Amefanyaje?" aliuliza polepole, asisikike. "Si kila kitu nimekigandisha?"

"Muulize," nilimwambia. "Huyo hapo anatoka."

Shangazi alisimama mlangoni anajifuta maji, anamtazama. Kati yao palikuwa na hatua chache tu. Nilimwona baba amefungua mdomo, nikaomba kimoyomoyo, baba, uliza, ni neno moja tu, utatufungulia sote.

Mlango wa mbele ukasukumwa, mteja akaingia. Baba akafunga mdomo, akachukua karatasi yake ya leseni na kurudi kaunta. Shangazi akatundika taulo, akaenda mahali pake nyuma ya kamera. "Karibu, keti," nilimsikia anasema. "Kidevu juu."